Vipimo Alivyoviacha Kaka

Siku ya kwanza Chujio alicheka. Alikuwa amekaa mezani pake na kikombe cha chai, anaisubiri kompyuta imalize kazi, na ilipomaliza ikammwagia mistari elfu kumi na mbili ya malalamiko kuhusu kosa moja tu. Alizisogeza kurasa kwa kidole mpaka kidole kikamchoka.

"Hebu njoo uone," akamwita mpimaji wa meza ya jirani. "Hata aliyefiwa halii hivi."

Mpimaji akaja huku anajifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, na kazi yake ilikuwa kuzijaribu mashine kwa mkono: anazijaza maji badala ya dawa, anahesabu matone, anaandika. Ya ndani ya kompyuta aliwaachia wenyewe. Akainama, akasoma mistari miwili, akaghairi.

"Sasa kosa lenyewe liko wapi humu?"

"Humo humo. Mpaka saa saba nitakuwa nimelitoa."

Mpimaji akarudi kwenye ndoo zake. Saa saba ikafika, ikapita, wiki ikaisha, na Chujio hakucheka tena.

Kampuni yao ilikuwa ndogo, watu kumi na wanane tu, kwenye ghorofa ya juu ya jengo ambalo zamani lilikuwa karakana ya kushona mabegi. Mpaka leo mtu akifagia vizuri anaokota sindano zilizovunjika kati ya mbao za sakafu. Walitengeneza mashine ya kusukuma dawa: kisanduku kisichozidi ukubwa wa mkate, kinachofungwa kwenye nguzo kando ya kitanda cha mgonjwa. Muuguzi anabonyeza kiasi cha dawa na muda, na kisanduku kinaisukuma dawa polepole kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye mshipa. Programu inayokiendesha kisanduku hicho iliandikwa na watu wawili, kaka na dada. Dada ndiye Chujio. Jina lake la nyumbani ofisini walishalisahau. Hilo la Chujio alipewa na kaka yake wiki ya kwanza ya kazi, kwa sababu kila alichopewa kusoma alikirudisha na makosa yaliyonasa.

Na yeye, kwa kuwa alikuwa akimwita mwenzake "Kaka" mbele ya watu, ofisi nzima ikamwita hivyo hivyo, hata meneja aliyemzidi miaka sita na mvi zote. Mama yao, ambaye hakupata kuielewa kazi ya wanawe, alisikia wanaongea habari za kodi, yaani yale maandishi ya programu, akawatangazia majirani kwamba wanawe wawili ni watu wa kodi. Kwa miaka mingi mwenye duka la mtaani kwao alipowaona tu wanakuja alikuwa mpole kupita kiasi.

Kaka alikuwa na jambo lililomkaa rohoni. Kabla ya kampuni hii alifanya kazi kwingine, na huko mwenzake aliandika hesabu ikachanganya miligramu na mililita. Kaka ndiye aliyepewa aikague. Akaikagua, akaipitisha. Mwanamke mmoja mzee aliyelazwa kwa ugonjwa usio mkubwa akapata dawa mara kumi ya kiasi chake. Kaka alimsimulia dada yake habari hii mara moja tu, wakiwa wamesimama kwenye ngazi za ofisi, na alipomaliza akasema, "Niliisoma kwa macho yangu mawili, Chujio. Macho hayatoshi."

Basi alipoanza kuandika programu ya kisanduku, hakuanza na kisanduku. Alianza na vipimo. Kwa kompyuta namba ni namba tu. Tano ni tano, iwe miligramu za dawa, iwe mililita za maji, iwe dakika. Lakini maandishi ya programu, kabla hayajawa programu, hupitia kwanza kwa msomaji mmoja mkali anayeitwa kompaila, ambaye huyageuza kuwa lugha ya mashine. Kaka aliandika violezo, yaani maandishi yenye nafasi wazi ambazo kompaila huzijaza yenyewe inaposoma, na akavipanga kwa namna ambayo kila namba ilazimike kusema ni ya kipimo gani. Mtu akijaribu kujumlisha miligramu na mililita, kompaila inagoma palepale. Mashine haijawashwa, mgonjwa hajaguswa, na kosa limekwisha kukamatwa.

Ilimchukua miaka mitatu kuvikamilisha, na miaka minne zaidi kuvinakshi. Mafaili arobaini. Kiolezo kinakiita kiolezo, nacho kinakiita kingine, mpaka mtu asahau alianzia wapi. Kwenye programu ya kisanduku palikuwa na mahali elfu moja mia moja na arobaini panapotajwa kipimo, na pote palilindwa. Chujio alijua kuvitumia violezo hivyo, kama mtu anavyojua kupanda lifti. Kuitengeneza lifti ni habari nyingine, na hakuwahi kuona haja, kwa kuwa fundi wa lifti alikaa naye meza moja.

Halafu asubuhi moja, miezi minane kabla ya ile mistari elfu kumi na mbili, Kaka aliinama mlangoni kwake kufunga kamba za viatu, asiinuke. Kiharusi. Mkono wa kulia ukaenda, mguu wa kulia ukarudi nusu, na maneno yakaenda yote isipokuwa mawili.

Pengine wangeishi hivyo hivyo na violezo vyake miaka mingine kumi, bila mtu kuvigusa. Lakini kiwanda kilichokuwa kikiwauzia chipu, ule ubongo mdogo wa kisanduku, kikaandika barua kusema chipu ile haitengenezwi tena. Chipu mpya ilitaka kompaila mpya. Na kompaila mpya, ilipovikuta violezo vya Kaka, ikavikataa.

Tatizo halikuwa kwamba Chujio hakuelewa kinachotokea. Alikielewa vizuri, na ndicho kilichomtesa. Kompaila ya zamani ilikuwa na uvumilivu. Mahali fulani katika yale mafaili arobaini Kaka aliandika jambo nusu nusu, nayo ikamwelewa. Hii mpya ilifuata sheria herufi kwa herufi. Ilipojikwaa haikusimama. Iliendelea kushuka, kiolezo baada ya kiolezo, mpaka ikakata pumzi, kisha ikasimulia safari yote kituo kwa kituo, na kusema kosa liko pale ilipokata pumzi. Pale ilipojikwaa haikupataja.

Alijaribu kuiongezea pumzi, kwa maana ya kuiruhusu ishuke zaidi. Ikashuka, ikameza kumbukumbu yote ya kompyuta, kompyuta ikazima. Alijaribu kukifunga kiolezo kimoja, kisisomwe, ili aone kama kosa litaondoka. Kosa likahamia kwa jirani. Akavifunga viwili; yakazuka mapya matatu. Kila jaribio lilikula dakika arobaini, kwa hiyo kwa siku nzima, akila chakula chake palepale mezani, alipata majaribio kumi au kumi na moja. Aliyaandika kwenye daftari. Wiki ya tatu daftari lilikuwa na majaribio mia moja na sitini, na safu ya matokeo ilikuwa na neno moja tu kutoka juu hadi chini.

Meneja alikuja kusimama nyuma yake mara kwa mara, mikono mfukoni.

"Tumefika wapi?"

"Palepale."

"Palepale ya jana?"

"Ya jana ilikuwa nzuri kidogo."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Aliguna, akasimama dakika nzima akiitazama ile mistari kana kwamba itamhurumia, akaenda zake.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki hiyo ya tatu Chujio alipofika faili la ishirini na sita na kukuta, katikati ya violezo, sentensi mbili ambazo Kaka aliziandikia binadamu. *Usiguse hapa. Niulize kwanza.*

"Nikuulize vipi sasa?" alisema kwa sauti. Mpimaji akageuka na kikombe cha maji mkononi, akamwona ameshika kichwa, akageuka tena taratibu ili asimtie aibu.

Jumamosi asubuhi Chujio alichapisha kurasa thelathini, akazitia kwenye bahasha, akaenda nyumbani kwa Kaka. Wifi yake ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na sauti yake ilikuwa ya darasani hata akiomba chumvi.

"Karibu wifi! Hiyo bahasha ni ya nini? Usiniambie umemletea kazi."

"Ni maswali machache tu."

Wifi akamtazama, akaitazama bahasha. "Haya. Lakini akianza kuchoka nakufukuza, na mimi nikifukuza mtu anakwenda."

Kaka alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, shuka miguuni. Alipomwona dada yake, nusu ya uso wake ilitabasamu.

"Shikamoo Kaka."

"Ndiyo hiyo," akajibu Kaka.

Hayo ndiyo maneno mawili yaliyobaki. Daktari alieleza kwamba huenda mengine yote bado yapo kichwani, ila njia ya kutokea imeziba. Maji yalikuwa ndiyo hiyo. Hapana ilikuwa ndiyo hiyo. Mkewe, kwa jina na kwa mapenzi, alikuwa ndiyo hiyo. Wifi alijifunza kusikiliza lafudhi. "Akiipandisha mwishoni anauliza," alisema. "Akiikata ghafla amekataa. Zilizobaki nabahatisha, na yeye anajua kwamba nabahatisha."

Chujio akaweka kurasa kwenye meza ndogo mbele yake. Kaka aliziona, na kitu kikabadilika machoni. Akazivuta kwa mkono wa kushoto, akaanza kusoma. Chujio aliijua sura ile; ameiona miaka kumi na miwili kwenye meza ya ofisi: midomo imebanwa, paji limekunjwa katikati.

"Kompaila mpya inakwama, Kaka. Kuna mahali ya zamani ilikuwa inakuachia. Ni wapi? Ni hapa?" Akagusa mstari.

"Ndiyo hiyo."

"Hapa?"

"Ndiyo hiyo."

Akahamisha kidole mpaka ukingoni mwa karatasi, mahali peupe pasipo na herufi hata moja. Aliona haya kumfanyia hivyo, lakini akafanya. "Hapa?"

"Ndiyo hiyo," akasema Kaka, vilevile.

Wifi, aliyekuwa mlangoni, akatazama chini.

Chujio alikuwa anaanza kukusanya karatasi Kaka alipomshika mkono. Akauondoa. Akafunua mwenyewe, ukurasa wa saba, wa nane, wa tisa, akaweka kidole chake kwenye mstari mmoja, akakikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. "Ndiyo hiyo!" alisema kwa nguvu. "Ndiyo hiyo, ndiyo hiyo!" Jasho lilimtoka, na jicho la upande mzima likajaa machozi.

"Ameonyesha," Chujio alimwambia wifi yake, naye karibu alie. "Umeona? Hakuulizwa. Ameonyesha mwenyewe."

Mstari ule ulikuwa wa kiolezo kilichoitwa Uwiano, kinachogawanya kipimo kimoja kwa kingine, kama miligramu kwa saa. Ilikuwa na mantiki. Mtu akitafuta mahali pa kuandika jambo nusu nusu, pale pangefaa. Jumatatu Chujio aliingia ofisini amenyooka mgongo, akamwambia mpimaji kwamba limepatikana, akakaa kukiandika Uwiano upya. Siku nne. Alikiandika mara tatu, kila mara safi kuliko ya kwanza. Ijumaa mchana akaipa kompaila, akasubiri dakika zake arobaini amesimama.

Mistari elfu kumi na tisa.

Mpimaji alimletea kiti, kama anavyoletewa mtu msibani.

Kesho yake alirudi kwa Kaka na kurasa zilezile, ila amezipangua ili zisifuatane. Kaka alizisoma tena kwa sura ileile. Kisha akakandamiza kidole mahali pengine kabisa. Akafunua, akakandamiza pa tatu. Kila mara kwa jasho lilelile na kwa nguvu ileile. Chujio akawa anaitikia, "Ndiyo, Kaka. Nimeona, Kaka."

Ghafla Kaka akaonyesha kalamu. Chujio akampa. Akaishika kwa mkono wa kushoto kama mtoto anavyoshika kijiko, akachora mstari mmoja kutoka juu ya ukurasa mpaka chini. Akachukua wa pili, akafanya vivyo hivyo. Wa tatu kalamu ilitoboa karatasi. Alizichora zote thelathini, anahema, halafu kalamu ikamponyoka.

"Anasema nivitoe vyote?" Chujio alimwuliza wifi yake. "Wifi, anasema nivifute?"

Wifi alikuwa amepiga magoti, anaokota karatasi. Sauti ya darasani ilikuwa imemtoka.

"Sijui, wifi yangu. Kweli sijui. Juzi alichora hivyohivyo kwenye madaftari yangu ya kusahihisha. Madaftari ya watoto, hesabu zao ziko sawa kabisa." Akainuka. "Huenda anasema. Huenda mkono tu. Kama ungekuwa na njia ya kujua ungeniambia, maana mimi naihitaji kila siku."

Jumatatu iliyofuata meneja alimwita Chujio chumbani kwake na kufunga mlango. Mezani palikuwa na simu tu na glasi ya maji.

"Wiki ya tano hii," alisema. "Nimemwuliza mtaalamu wa nje. Amevitazama hivyo violezo siku mbili, amesema vitolewe. Tuandike namba za kawaida kama wanavyofanya wengine wote."

"Wengine wote wanachanganya miligramu na mililita."

"Si wote."

"Mmoja anatosha. Kaka alivijenga kwa ajili ya huyo mmoja."

"Najua. Aliniambia na mimi." Meneja akaisogeza simu pembeni. "Sasa sikiliza na la upande wangu. Mashine za zamani zinakufa moja moja, na chipu za kuzitengenezea hakuna. Leo asubuhi wodi moja imenipigia. Wana wagonjwa kumi na wanne na kisanduku kimoja kinachofanya kazi. Hao kumi na watatu muuguzi anawahesabia matone kwa macho, anatazama saa ya ukutani. Wewe unanieleza habari ya kinga. Hao wana kinga gani leo?"

Kwenye kila upande wa jambo lile palikuwa na mtu amelala kitandani.

"Nipe miezi mitatu niandike kinga nyingine, nyepesi."

"Nina wiki mbili. Baada ya hapo nitakupa Ijumaa mchana, kila wiki, uandike kinga yako. Nakuahidi."

Akavitoa. Hakutaka mtu mwingine afanye. Alikaa siku tatu anafuta, mahali elfu moja mia moja na arobaini, pamoja na *Niulize kwanza*, na kila alipofuta akaacha namba tupu. Siku ya tatu saa nne asubuhi akaipa kompaila. Aliinuka akachemshe chai, maana miguu ilishazoea zile dakika arobaini, na kabla hajafika mlangoni kompyuta ikalia kengele ndogo. Imemaliza. Sekunde nne. Hapakuwa na lalamiko hata moja.

Ofisi ikapiga makofi. Mtu wa mapokezi alitoka kuja kuona. Meneja alimpiga Chujio begani. Yeye alirudi kwenye kiti, na watu walipotawanyika akaandika kosa kwa makusudi: akachukua miligramu za dawa akazijumlisha na mililita za maji. Akaipa kompaila. Sekunde nne, kimya, na programu tayari kuwekwa kwenye kisanduku. Akaandika baya zaidi, akagawanya uzito wa mgonjwa kwa dakika na kuliita jibu mililita. Sekunde nne. Ilikubali kila kitu. Alifuta makosa yake haraka, akahakikisha mara tatu kwamba ameyafuta.

Jioni ya siku hiyo, watu wakiwa wanafunga mabegi yao, mpimaji alivuta kiti.

"Uwongo sijui kuusema," alisema. "Hiyo programu yako imenyamaza mno. Mimi nitaipima kwa maji kama kawaida, lakini maji hayawezi kupita kila mahali. Kuna njia gani nyingine?"

"Kusoma. Kwa macho."

"Mahali elfu na zaidi?"

"Elfu moja mia moja na arobaini."

"Basi tuanze," akasema mpimaji, na asubuhi iliyofuata wakaanza.

Walisoma siku tisa. Mpimaji alisoma kwa sauti, kwa kuwa hakuijua programu na hivyo asingeweza kudhani anaona kitu ambacho hakipo, naye Chujio alijibu.

"Mstari wa mia nne na sita. Kasi."

"Mililita kwa saa."

"Unaizidisha na muda."

"Muda wa saa, si wa dakika. Panda juu uangalie. Imeandikwa nini?"

"Dakika."

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Lingempa mgonjwa dawa mara sitini. Chujio alilisahihisha, akatoka nje kwenye ngazi, akakaa, akarudi. Siku ya tano wakapata la pili. La tatu walilipata siku ya nane, na Chujio aliikumbuka vizuri asubuhi aliyoliandika. Ilikuwa asubuhi aliyojiona makini kupita siku zote.

Walipomaliza ukurasa wa mwisho, mpimaji alivua miwani.

"Matatu," alisema. "Na la nne?"

"Hatukuliona."

"Lipo?"

Chujio akarudi kwenye ukurasa wa kwanza. "Tusome tena," alisema. Lakini wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Aliandika ripoti, akaeleza bila kupamba kwamba kinga imeondolewa na kwamba kilichobaki ni macho ya watu wawili. Meneja aliisoma yote mbele yake, akatia sahihi. Alhamisi visanduku mia mbili na kumi viliteremshwa kwa ngazi, kila kimoja kwenye boksi lake, vikaenda kwa wale waliokuwa wakivingoja. Wiki ile ile wodi iliyokuwa na wagonjwa kumi na wanne iliandika barua ya shukrani. Meneja akaibandika ukutani karibu na birika. Chujio aliisoma mara moja, na tangu hapo akawa anachemshia chai yake chumba cha pili.

Ahadi ya Ijumaa mchana ilitimizwa, karibu kila wiki. Alianza kuandika kinga nyepesi, ya kwake, isiyo na uzuri wa ile. Mpaka tunapoandika haya imefika kwenye mafaili saba tu ya programu. Mengine yote yanakwenda hivyo hivyo, namba tupu, na kila simu ya ofisi inapolia kabla ya saa tatu asubuhi yeye husimamisha mikono juu ya herufi mpaka asikie mtu wa mapokezi amecheka au amesema asante.

Kwa Kaka alikaa wiki mbili bila kwenda. Kisha akaona ni aibu, akaenda, na akamwambia. Alikaa kwenye kigoda mbele yake na kumweleza kama angemweleza zamani: nimevitoa vyote, Kaka, vimekwenda na namba tupu, tumepata makosa matatu, huenda lipo la nne. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuza uso, akatazama ukuta, na hakusema hata yale mawili aliyokuwa nayo. Wifi alisema amechoka. Jumamosi iliyofuata alikataa kutoka chumbani. Ikawa Chujio anakuja, anakunywa chai na wifi yake, anasema na mlango, anaondoka.

Jumamosi ya nne alikuta mlango wa chumba uko wazi. Wifi alikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, amevaa viatu tayari. "Hajanyolewa siku tano," alisema. "Wembe uko kwenye bakuli. Mimi nachelewa." Akatoka.

Chujio hakuwahi kumnyoa mtu. Alimfunga Kaka taulo shingoni, akampaka povu, akampa kioo kidogo akishike kwa mkono wa kushoto. Kaka alikishika. Hakumtazama dada yake, alijitazama mwenyewe. Wembe ulipita shavu la kulia, lililolegea, ambalo ilibidi kulivuta kwa vidole, ukapita la kushoto, ukapita kidevu. Alipodhani amemaliza, akaanza kumfuta, Kaka akaweka kioo mapajani na kugusa chini ya taya. Palikuwa na nywele zimesalia. Chujio akanyoa. Kaka akagusa karibu na sikio. Pale pia zilikuwepo, mbili tatu. Kisha akagusa katikati ya shavu, mahali palipokwisha kunyolewa. Chujio alisogeza uso karibu, akapapasa, hakuona kitu. Mwanga wa dirishani haukuwa mzuri na macho yake hakuyaamini tena kama zamani. Akapaka povu kidogo, akapitisha wembe. Kaka akagusa pengine.

"Sawa," Chujio akamwambia, akausuuza wembe. "Geuka kidogo huku."